Kivuko Nilichokichora Bila Watu

Sifa mwanangu,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni tangu turudi kutoka kumuaga Koko, bibi yako. Si sauti ya mtu. Ni kamba ya chuma ya kile kivuko cha mbele ya Bengamisa. Tulipoondoka ukingoni iliguna kwa sauti nene, kama mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo. Katikati ya mto ikapanda, ikawa nyembamba, ikakaa huko juu kwa muda kabla ya kushuka. Wewe hukuisikia. Ulikuwa umelala juu ya magunia ya mchele, kitambaa usoni.

Kesho unapanda lori la mjomba wako, Tonton Ramazani, kwenda Buta kufundisha hesabu. Sitakuandikia habari za chandarua, za kwinini, wala za maji ya kuchemsha. Koko amekwisha kuyasema yote, na mengine ameyasema tena ukiwa tayari umepanda gari. Mimi nataka nikueleze kazi yangu, kwa sababu umeishi nayo miaka yote bila mimi kukueleza vizuri, na kwa sababu sasa unawaambia mama za sokoni kwamba mimi nitakwenda Ubelgiji.

Unaijua kompyuta ya taasisi. Unajua feni tuliyoiazima kwenye ofisi ya mkuu wa idara ili isipate joto, na diski ninazozipangusa ukungu kwa kitambaa cha miwani. Unajua umeme ukikatika nakaa gizani nikitukana kimyakimya. Lakini sikuwahi kukuambia kwa nini ile programu aliyotuachia mwalimu wa Kibelgiji ilinichukua moyo. Mashine nyingi hupewa namba, zikarudisha namba. Hii hupewa herufi, ikarudisha herufi. Unaiandikia: huu ni uzito, huu ni mkondo, hii ni kamba, uzito ukivutwa hivi, kamba hukazika hivi. Yenyewe inaondoa herufi moja baada ya nyingine, inakusanya, inafupisha, mpaka unabaki na mlinganyo mmoja unaosema jinsi kitu kizima kinavyokwenda. Kazi ambayo mimi kwa kalamu ningeifanya likizo nzima, na kosa la alama moja lingeiharibu yote, mashine inaifanya nikiwa nakunywa chai.

Mlinganyo wa kwanza niliotoa, wa kivuko hicho hicho, ulikuwa mrefu kuliko meza. Niliuona mzuri. Niliuleta nyumbani, nikautandaza juu ya kitanda, nikakuita uje uone. Ulikuwa bado msichana mdogo. Ulitazama kwa heshima, halafu ukauliza, "Mama, hii inasema nini?"

Nikakujibu, "Inasema yote."

Koko alikuwa bado anauza karanga pale mtaani kwetu Tshopo. Aliukunja mlinganyo wangu, akautengenezea vikoba vya karanga, na kwa muda watoto wa mtaa walikula karanga kutoka ndani ya mienendo ya kivuko. Nilikasirika. Leo naona hakuna kilichopotea. Karatasi ile ilisema kweli, lakini hakuna mtu aliyeweza kuona kitu ndani yake, hata mimi niliyeitoa.

Ilinichukua muda kukubali hilo. Nilidhani nikishapata mlinganyo nimeelewa. Kumbe mashine ilikuwa imeelewa kwa niaba yangu, na mashine haielewi. Basi nikaanza kuchora. Kila herufi niliipa duara. Kila sheria niliipa mraba. Herufi ikiingia katika sheria, nilivuta mstari kati ya duara na mraba. Hakuna namba, hakuna alama ya kujumlisha wala ya kugawanya. Ni nani anamgusa nani, basi. Baadaye niliifundisha mashine ichapishe jambo lilelile kama jedwali: sheria zikiwa mistari ya kulala, herufi zikiwa mistari ya kusimama, na msalaba mdogo kila zinapokutana. Ukizipanga upya, misalaba hujikusanya yenyewe kama mitaa ya mji. Unaona mahali ambapo herufi tatu haziwezi kujulikana ila zote kwa pamoja. Unaona nyingine inayosimama peke yake, ya kuhesabiwa kwanza.

Utakapokuwa na darasa lako, usiwape wanafunzi kanuni siku ya kwanza. Wachoreshe. Waulize nani anamgusa nani. Watakuona mvivu, na mkurugenzi atakuja kusimama mlangoni. Vumilia.

Sasa habari ya kivuko chenyewe. Unakijua: hakina injini. Kamba ya chuma imefungwa ng'ambo hii na ng'ambo ile, kapi linatembea juu yake, na kutoka kwenye kapi kamba mbili zinashuka kushika kivuko mbele na nyuma. Wanafupisha ya mbele, kivuko kinakaa mshazari, mkondo unakisukuma chenyewe hadi ng'ambo. Mto ndio unaofanya kazi. Kila nikikipanda nakipenda upya.

Ofisi ya vivuko iliiuliza taasisi: kivuko hiki kinabeba lori moja, je, kinaweza kubeba mawili? Mchele unaoza ukingoni na madereva wanagombana. Kazi ilinifikia mimi. Niliandika herufi zangu: mkondo, mkazo wa kamba, pembe ya kivuko, mwinamo, uzito. Nikachora. Mashine ikasema ndiyo, kinaweza, na nafasi kidogo inabaki. Niliandika ripoti safi. Mkuu wa idara aliisoma, akavua miwani, akaniambia kazi ya namna hii ndiyo wanayoitafuta wale wa Ubelgiji wanaogawa ufadhili wa masomo. Ripoti ikaenda ofisini, na jina langu likaenda pamoja na maombi. Ofisi ikatangaza kwamba kuanzia wiki hii malori yatavuka mawili mawili.

Kati ya ripoti na tangazo, mimi na wewe tulikwenda kwa Koko, ng'ambo ya mto.

Wakati wa kurudi, tulipofika katikati ya mto, mitumbwi ya wauza samaki ilikuja kama kawaida. Unajua inavyokuwa. Kivuko hupunguza mwendo pale, kwa sababu kamba imelegea chini na kutoka hapo kapi linapanda kama mlima, ndipo mitumbwi inaweza kukishika upande wa juu wa mkondo. Mama mmoja mwenye kitambaa chekundu alinyanyua samaki wa moshi mpaka puani pangu, chini ya miwani.

"Mama ya lunettes! Kuja ona huyu. Iko na mafuta, ataimba ndani ya sufuria."

"Bei gani?"

"Shika kwanza. Bei ni ya kisha."

"Iko na kichwa kubwa tu, mwili hakuna."

"Kama professeur, mama! Kichwa tu, nyama hakuna!"

Watu wote walicheka, na mimi nilicheka, na kila aliyecheka alisogea asikie zaidi. Mama wa kwanga, ile mikate ya muhogo, alikuja, kijana wa redio alikuja, yule mzee wa mbuzi alikuja na mbuzi wake. Hata dereva aliteremka. Nilikuwa nimeinama ukingoni, samaki mkononi, nikibishana, nilipoona maji yananilowesha vidole vya miguu. Hapo ndipo kamba ilipopandisha sauti.

Hakuna aliyeshtuka. Mkuu wa kivuko alipiga kelele, "Rudia huko, bana! Munataka tulale na samaki?" Watu wakarudi pole pole, wakiendelea kucheka. Sakafu ikanyooka. Kamba ikarudi kuguna. Nilimlipa yule mama bila kumaliza kubishana, naye alinishangaa.

Sifa, katika mchoro wangu kulikuwa na duara moja la mahali uzito ulipo. Niliandika: katikati. Nilivuta mstari mmoja kutoka kwake, na hakuna mstari hata mmoja ulioingia. Katika jedwali ile herufi ilikuwa na msalaba mmoja tu, juu kabisa, peke yake, na nilikuwa nimeipita mara nyingi nikiiona kuwa ndiyo rahisi kuliko zote. Watu niliwajumlisha na magunia. Nimevuka mto ule tangu nikiwa mgongoni kwa mama yangu, nimenunua samaki pale pale, nimesogea ukingoni kama wenzangu, na nilipokaa mbele ya mashine niliandika abiria wasiohama. Mgeni angeweza kusamehewa. Mimi nilikuwa na harufu ya samaki wa pale kwenye mikono.

Nilipofika mjini nilichora upya. Kivuko kikipunguza mwendo, mitumbwi inakishika. Mitumbwi ikikishika, watu wanahamia ukingoni. Watu wakihamia, kivuko kinainama. Kikiinama, mkondo unauma ukingo, na mwendo unapungua zaidi. Mistari ilizunguka ikarudi ilikoanzia. Herufi iliyosimama peke yake iliingia katika mtaa wa katikati pamoja na zote, na hakuna ambayo ungeweza kuijua bila nyingine. Nikaipa mashine. Kwa lori moja, mwinamo unakua halafu unapata mahali pa kutulia, kama tulivyotulia sisi. Kwa malori mawili ukingo uko karibu mno na maji, na mwinamo haupati mahali pa kutulia. Nilitafuta kosa. Nilitaka sana lipatikane.

Nikaenda kwa mkuu wa idara na mchoro. Si mtu mbaya, usimchukie. Aliutazama, kidole chake kikifuata mstari kwa mstari mpaka kikarudi kilipoanzia, akaniita mwananchi kwa Kifaransa cha ofisini.

"Citoyenne, machine ilisema oui, kinaweza. Tulipeleka. Bon."

"Ilijibu nilichoiuliza, chef. Niliiuliza vibaya."

"Watakataza tu wauza samaki."

"Nani atawakataza?"

Alicheka kwa pua. Hata yeye hununua samaki pale.

"Sikiliza," akasema. "Dossier yako ya bourse, ule ufadhili, iko inatembea, na ripoti ile ndiyo iko juu yake. Ukisema leo kwamba ripoti ni ya uongo, kule watasoma nini? Ngoja. Bourse ikitoka, utaandika mchoro huu kule, kwa utulivu, wataupenda. Kweli haiozi."

"Kamio zinaanza kuvuka mbili mbili wiki inayokuja, chef."

"Kamio, kamio. Utaangalia mwenyewe."

Nilitoka, nikaangalia mwenyewe kwa siku kadhaa. Nilifanya mambo mengi ya maana: nilipanga diski, nilisahihisha mitihani, nilikwenda Salongo, ile kazi ya umma ya kila Jumamosi, nikafyeka nyasi za barabara kuliko mtu yeyote, mpaka kiongozi wa mtaa akanisifu mbele za watu. Nilijiambia kwamba mchoro nao unaweza kuwa na kosa, kama wa kwanza. Hilo ni kweli bado. Lakini kosa la kwanza lilikuwa la kuacha kitu nje, na sikuona tena kitu kilichobaki nje isipokuwa mimi mwenyewe nikingoja bourse.

Nikuambie na jambo jingine, maana nilipolichora duara lile nililifikiria hili, na sikuweza kuacha kulifikiria.

Nilikuzaa nikiwa bado mwanafunzi. Masista wa shule walinirudisha darasani kwa sababu Koko alikwenda kukaa mlangoni kwao mpaka wakachoka kumruka. Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Lubumbashi, nilikuacha kwake. Nilihesabu vizuri: chakula, ada, miaka, mshahara nitakaporudi. Hesabu ilikuwa sahihi. Ndani yake wewe ulikuwa umekaa mahali pamoja, mtoto wa kimo kilekile, unaningoja. Niliporudi ulikuwa umemaliza meno ya utoto. Uliniita yaya, kama dada mkubwa aliyetoka safari, na Koko ndiye uliyemwita mama. Koko alikukaripia, "Huyu ndiye mama yako, mimi niko koko." Ukanitazama kwa adabu, ukasema, "Ndiyo, yaya."

Tumecheka mara nyingi kuhusu hilo, mimi na wewe. Nilikuwa nacheka kweli. Sijutii kusoma, bila kusoma ningekulea kwa hasira, na ungeila hasira hiyo kila siku pamoja na sombe ya majani ya muhogo. Ninachojua sasa ni kidogo tu: kwamba watu ninaowapenda ndio ninaowaandika kwa urahisi kuliko wote, kwa sababu nadhani nawajua walipo. Nilifanya hivyo kwako tena mwaka huu. Niliamua utaingia polytechnique kusomea uhandisi, nikazungumza na watu, nikapanga. Wewe ukaja jikoni, ukasimama na ndoo kichwani hata hujaitua.

"Mama, mimi nataka kufundisha."

"Kufundisha nini?"

"Mahesabu. Lakini watoto, si mashine."

"Mwalimu halipwi, Sifa."

"Wewe unalipwa?"

Nikakusaidia kutua ndoo. Sikuwa nimevuta mstari wowote unaoingia kwako.

Basi ukiwa Buta, usinifanyie mimi hivyo pia. Usiniandike mahali pamoja, mama aliyekaa Tshopo na mashine yake na feni ya kuazima. Ukitaka kujua nilipo, uliza. Na mwanafunzi wako akikosea, kabla hujafuta kazi yake kwa wino mwekundu, tafuta alichokiacha nje. Mara nyingi ni kitu anachokijua kuliko wewe, amekiacha kwa sababu hakufikiri kwamba kitu cha nyumbani kinaruhusiwa kuingia katika hesabu. Mimi nilikuwa na diploma zote hizi na sikufikiri kwamba samaki wa moshi anaruhusiwa.

Juzi Tonton Ramazani alikuja kupanga safari yenu. Alikuwa na furaha. Alikunywa chai yangu yote.

"Dada, sasa tunavuka mbili mbili! Mimi na kamio ya yule Mugreki. Tunaingia pamoja, tunatoka pamoja. Sifa atalala Buta mapema kuliko gavana!"

"Utakuwa wa kwanza au wa pili kwenye kivuko?"

"Upande wa juu, dada. Karibu na samaki!" Akajipiga paja kwa kicheko.

Ningependa kukuandikia kwamba niliamua kabla ya kumsikia Tonton, kwa ajili ya watu wote wanaovuka mto ule. Ningependa kuamini ningefanya vilevile kama ungekuwa umeamua kwenda Kinshasa kwa meli, mbali na kivuko. Sijui. Nimejiuliza kwa unyofu wote nilionao, na sijui. Labda ningengoja bourse itoke kwanza. Sitaki uende ukinidhania mtu bora kuliko nilivyo. Utapata taabu ya kumwiga mtu ambaye hayupo.

Leo asubuhi, wewe ukiwa sokoni ukinunua sabuni, nilikwenda ofisi ya vivuko na mchoro. Sikupeleka mlinganyo. Niliutandaza juu ya meza ya mkuu wao, nikamwonyesha kwa kidole: mwendo, mitumbwi, watu, mwinamo, mwendo. Alinifuata mzunguko mzima, halafu akaurudia peke yake, midomo ikicheza. Akauliza, "Na wewe ndiye uliyeandika ile ya kwanza?" Nikasema ndiyo. Niliandika mbele yake kwamba ripoti yangu ya kwanza haifai na isitumike, nikatia sahihi, wakagonga muhuri. Alimtuma mtu wa pikipiki kwenda kivukoni, nami nikasimama barabarani mpaka pikipiki ikapotea.

Kisha nikapita kwa mkuu wa idara, nikamweleza. Hakupiga kelele. Aliniambia jina jingine litakwenda Ubelgiji badala ya langu, akaniomba nimrudishie feni. Nimeirudisha.

Waambie mama za sokoni unavyotaka, au usiwaambie. Tonton amekwisha kupata habari. Amepita hapa akiwa amenuna, amesema mtangoja foleni nusu ya siku kwa sababu yangu, na chai amekataa. Mchukulie kwanga. Kesho lori lenu litavuka peke yake.

Mama yako